Jiko Chini ya Maji ya Chokaa

Kazi ya Gatwiri ilikuwa kuzeesha vitu kabla ya wakati wao. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini hakuna mhenga aliyewahi kuulizwa na mwenye jengo kama ghorofa yake itakuwa bado imesimama wajukuu wake wakiota mvi. Mwenye jengo huuliza leo na hutaka jibu upesi. Basi lazima mtu fulani aharakishe, na katika maabara ya Mhandisi Mwai mjini Nyeri, njia ya kwenda Kiganjo, mtu huyo alikuwa yeye.

Nyumba yenyewe ilikuwa zamani duka la pembejeo, na hadi leo mvua ikinyesha chumba cha nyuma hunuka mbolea. Kwa muda mrefu kazi yao ilikuwa kuponda vipande vya zege na kuvuta vyuma mpaka vikatike. Kisha zikaja nondo za fiba. Hizi si chuma. Ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, nyepesi kiasi kwamba Gatwiri aliweza kubeba mzigo mzima begani kama kuni, na sifa yao kubwa ni kwamba hazijui kutu. Wauzaji husema hapo na kunyamaza. Wasilosema ni kwamba zina adui wao, na adui huyo ni zege lenyewe. Ndani ya zege mna ukali wa chokaa, nao hutafuna kioo polepole, bila kelele, bila lile doa la kahawia ambalo chuma hulitoa kukuonya.

Polepole kiasi gani? Hapo ndipo kwenye kazi. Hakuna awezaye kuketi kando ya ukuta akingoja miaka themanini. Kwa hivyo unazitumbukiza nondo katika maji ya chokaa makali, unayapasha moto, na moto unaufanya mwezi mmoja utafune kama miaka mingi. Halafu unazitoa, unazivuta mpaka zikatike, unaona zimepoteza nguvu kiasi gani. Unachora mstari. Kisha unauvuta mstari huo mbele, mbele, hadi siku ambazo wewe mchoraji utakuwa kaburini. Ni kazi ya nabii, ila nabii huyu alivaa koti jeupe lenye doa la chai.

Alikuwa mtoto wa Mzee Mbae, mkulima wa kahawa upande wa mashariki wa mlima, mtu wa kanisa, asiyependa mtoto wake ajisifu. Gatwiri alisoma chuo cha ufundi akapata diploma. Digrii hakupata, na jambo hilo lilikaa moyoni mwake kama kijiwe ndani ya kiatu: huanguki nacho, lakini husahau kwamba kipo. Katika mikutano wenye digrii waliongea, yeye akabeba vipande. Akirudi nyumbani wakimuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Napima," nao wakamuuliza kama angeweza kuja kupima mpaka wa shamba la jirani.

Kwa hivyo siku Mzee Barre alipoingia maabara akamwangalia yeye, si Mhandisi, Gatwiri alinyooka mgongo.

Barre alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mifugo kule Nanyuki. Tangi lao la maji lilikuwa limesimama sokoni juu ya nguzo tangu zamani, chini yake mabirika ya ng'ombe na ngamia, na katika kivuli chake meza za akina mama wa chai. Chuma cha ndani kililiwa na kutu. Asubuhi moja kipande cha ukingo kilibanduka kikamwangukia Deeqa, dadake Barre, aliyekuwa akimimina chai, kikamvunja mguu. Mguu uliunga, ila uliunga vibaya, na tangu hapo Deeqa alitembea akiuburura.

"Nimesikia kuna chuma haishikwi na kutu," Barre alisema. "Mimi sijui mambo ya masomo. Mimi najua ng'ombe. Ukiniletea ng'ombe nitakwambia itaishi ama itakufa. Sasa wewe niambie hii chuma yenu, itaishi miaka ngapi?"

Mwai alifungua kinywa. Gatwiri akawahi.

"Tutaipima, Mzee. Nitakwambia mwenyewe."

Na alipima kweli, asidhani mtu kwamba alikuwa mvivu. Alitengeneza maji ya chokaa kwa mkono wake, akayajaribu kwa kipima-ukali, yakawa makali sawasawa. Akazitumbukiza nondo, akafunika tangi la maabara kwa kifuniko chake cha plastiki, akawasha hita. Kipima-ukali akakirudisha kabatini. Ukali ulikuwepo, ungeenda wapi?

Ukaja Julai. Anayeijua Nyeri anaijua Julai yake: ukungu unashuka asubuhi, hauagi, mlima unakuwa hadithi tu ya watu wengine. Na katika baridi hiyo stima, umeme wa kuwashia hita, ikaanza kupotea. Inapotea asubuhi, inarudi jioni, inapotea tena. Kila ilipopotea, maji ya Gatwiri yalipoa, na maji yakipoa hesabu yote inaharibika, kwa maana hujui tena mwezi wako umekuwa miaka mingapi.

Hapo ndipo alipopata wazo. Alileta jiko la makaa kutoka nyumbani kwake, akaliwasha, akaliingiza chini ya tangi. Dirisha aliliacha wazi kidogo ili asife kwa moshi. Akasimama na kipimajoto, akiongeza makaa, akipunguza makaa, mpaka joto likakaa pale pale lilipotakiwa. Wiki baada ya wiki alifanya hivyo, na hakuna mpishi wa harusi aliyewahi kuchunga sufuria kwa uangalifu kama ule. Chumba cha nyuma kikawa ndicho chumba chenye joto kuliko vyote, wafanyakazi wakahamia humo na mahindi yao ya kuchoma. Mwai mwenyewe alikuja, akakunjulia moto viganja, akacheka.

"Ati makaa! Huko Ulaya wako na mashine, hapa tuko na Gatwiri. Hii nitawaambia watu."

Na aliwaambia. Aliisimulia katika mkutano wa wahandisi mjini, watu wakapiga makofi, na Gatwiri, aliyekaa nyuma na masanduku ya vipande, akaambiwa asimame aonekane. Alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kulikuwa na jambo dogo. Kifuniko cha plastiki kilipinda kwa joto la jiko, hakikufunga tena vizuri. Na juu ya maji kila asubuhi palikuwa na utando mweupe, mwembamba, uliokatika kama ganda la yai. Gatwiri aliona ni uchafu. Wageni walikuwa wakija kuona jiko maarufu, naye hakutaka waone uchafu, basi akawa anauengua kwa upawa na kuumwaga nje, kama mtu anayetoa utando wa maziwa.

Nondo zilipotolewa na kuvutwa, zilikuwa karibu nzima. Mashine ilivuta na kuvuta. Mstari ulilala chali kwenye karatasi, hautaki kushuka, na ulipovutwa mbele ulifika karne nzima ungali juu. Mwai aliuangalia akapiga mluzi. Akatia sahihi.

Siku waliyoenda Nanyuki, nguzo za tangi jipya zilikuwa tayari. Juu yake mafundi walikuwa wamepigilia mbao na kutandaza nondo za fiba, wakingoja kumwaga zege Alhamisi. Barre alichinja mbuzi. Alimkalisha Gatwiri katikati ya wazee, Mwai pembeni, akamtaka aseme yeye.

"Miaka mia," Gatwiri alisema. "Na zaidi."

Wazee walinung'unika kwa furaha. Mmoja akasema basi hapa mahali paitwe Kwa Gatwiri, maana watoto wa watoto wetu lazima wajue nani aliwapa maji. Wote wakakubali. Ng'ombe wa kwanza kunywa angetangazwa kwa jina hilo.

Deeqa alikuja akiburura mguu, akamwekea kikombe cha chai yenye tangawizi na maziwa ya ngamia. Meza yake alikuwa ameshaileta, iko chini kabisa ya tangi lisilomwagwa bado.

"Unajua dada," alisema, "tangu ile siku mimi nikipika chai naangalia juu. Namimina, naangalia juu. Hata nyumbani, kwa bati yangu, naangalia juu. Sasa umesema miaka mia. Basi nitakaa hapo na sitaangalia juu tena."

Gatwiri alicheka kwa raha, akamshika mkono. Alijiona mtu. Ukitaka kujua saa ambayo alikuwa na furaha kuliko zote maishani mwake, ilikuwa hiyo, na haikufika jioni.

Baada ya kula, binti wa Barre, Hibo, aliyefundisha kemia katika shule ya wasichana nyuma ya soko, aliomba mgeni apite darasani kidogo, wasichana waone mwanamke wa maabara. Gatwiri alikwenda huku akijifuta mafuta ya mbuzi midomoni. Darasa lilikuwa katikati ya somo. Msichana mmoja alisimama mbele ameshika glasi ya maji maangavu na mrija. Alipuliza kwa mrija ndani ya maji. Maji yakaanza kuwa na ukungu, kisha yakawa meupe kama maziwa.

"Hayo ni maji ya nini?" Hibo aliuliza.

"Maji ya chokaa, mwalimu!"

"Kwa nini yamekuwa meupe?"

"Kwa sababu ya hewa chafu ya pumzi, mwalimu!"

"Na chokaa imeenda wapi?"

"Imegeuka chaki!"

"Na ule ukali wake?"

"Umeisha!"

"Haya. Hewa hiyo tunaipata wapi pengine?"

Mikono ikainuka. Hibo akachagua mmoja wa nyuma, ambaye alijibu kwa sauti ndogo ya mtu asiye na hakika. "Kwa jiko ya makaa?"

"Vizuri sana," alisema Hibo, akamgeukia mgeni akitabasamu. "Dada Gatwiri, ungependa kuongeza kitu?"

Uso ulimwaka Gatwiri mpaka masikioni. Somo hilo alilifanya mwenyewe kidato cha kwanza, kwa Mwalimu Hezekiah, na mrija wa biro, akapata alama zote. Wiki zote zile alikuwa amekaa kando ya jiko akiyapulizia maji yake pumzi ya makaa, na kila asubuhi akiengua chaki kwa upawa na kuimwaga ili wageni wasione uchafu. Haikuwa nguvu ya nondo. Zilikuwa zimelala katika maji ya kuogea, hakuna kilichozitafuna. Na yeye alikuwa amepigiwa makofi kwa hilo. Angalau kama kosa lingekuwa la vitabu vikubwa! Lilikuwa la mtoto wa kidato cha kwanza.

Aliwaambia wasichana wasome kwa bidii. Wakapiga makofi, naye akatamani wanyamaze.

Njia nzima ya kurudi Nyeri, Mwai akiendesha na kupiga mluzi, Gatwiri alifumba macho. Alijitia usingizi. Walipofika aliomba funguo za maabara, ati amesahau mwavuli, akaenda moja kwa moja kabatini akatoa kipima-ukali na kukitumbukiza katika tangi. Alijua kitakachosema. Hata hivyo kilipokisema, alikaa chini juu ya ndoo.

Ngoja nikuambie alichokiwaza, kwa sababu ni aibu yenyewe, zaidi ya lile kosa. Aliwaza kwamba hakuna atakayejua. Tangi halitaanguka mwaka huu wala ujao. Zege litatafuna polepole, na siku ya kuanguka, kama siku hiyo ipo, Barre atakuwa amekufa, Mwai amekufa, na Gatwiri mwenyewe ni bibi kizee kule kwa kina Mbae, nani atamwuliza bibi kizee habari za jiko? Ndiyo hatari ya kazi ya kutabiri: shahidi wako hajazaliwa. Alilipima wazo hilo kwa makini, akaliona ni zuri, likamtuliza. Kisha akamkumbuka Deeqa akimimina chai bila kuangalia juu, akainuka kutoka kwenye ndoo.

Asubuhi alimwambia Mwai. Alimwambia akiwa amesimama, akiangalia viatu vyake. Mwai alivua miwani.

"Ripoti tumeshapeana, Gatwiri. Iko na muhuri yangu."

"Najua."

"Pengine hata ikirudiwa itakuwa hiyo hiyo. Pengine hizo nondo ni nzuri tu."

"Pengine. Lakini hatujui, Mhandisi."

Mwai alifuta miwani. Yeye ndiye aliyesimulia habari za makaa mbele ya wahandisi wenzake, na digrii yake ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, na yeye pia alikuwa ameota moto pale. Mwishowe akasukuma funguo za gari juu ya meza.

"Enda wewe. Useme mimi nimetuma usimamishe. Lakini mimi siwezi enda. Uso yangu nitaiweka wapi?"

Naye Gatwiri angeuweka wapi wake? Hakuuliza. Alichukua funguo.

Alifika Jumatano, siku ya soko, watu tele. Alitumaini kumvuta Barre kando. Barre hakuwa mtu wa kuvutwa kando. Jambo la wote husemwa kwa wote. Aliwaita wafanyabiashara, wakakaa kwenye mabenchi chini ya mbao za tangi, fimbo zao katikati ya magoti, na Deeqa kwenye meza yake. Gatwiri akasimama mahali pale pale alipopigiwa makofi.

Alieleza. Alieleza maji, chokaa, stima, jiko. Alijaribu kueleza kwa maneno marefu, akajiona anajificha ndani yake, akaanza upya kwa mafupi.

"Nilikosea mimi. Mstari niliowaletea ni wa uongo. Sikukusudia, lakini ni wa uongo. Msimwage zege."

Ng'ombe mmoja alilia mahali fulani.

"Basi tuambie ya ukweli," Barre alisema. "Itakaa miaka ngapi?"

"Sijui, Mzee."

Barre alikuwa amenunua na kuuza tangu ujanani, na mtu akikataa bei, mkono wake unashusha wenyewe. "Hamsini?"

"Sijui."

"Thelathini basi. Thelathini haikosi."

"Mzee, sijui."

"Kumi!"

"Sijui," Gatwiri alisema. Nyuma kabisa mzee mmoja akasema kitu kwa Kisomali, na mabenchi yote yakaangua kicheko. Hakuomba kutafsiriwa. Alisikia tu neno makaa.

Hakuwalaumu. Angewalaumu vipi? Lakini ingekuwa afadhali kicheko kingeendelea, maana kilipokwisha alimwona Deeqa. Deeqa hakucheka wala hakumtazama. Alikuwa amesimama, anakusanya vikombe vyake ndani ya beseni, kimoja kimoja. Akachukua chupa ya chai. Kisha akashika meza kwa mikono miwili na kuiburura nje ya kivuli, yeye na mguu wake, mpaka juani, hatua kwa hatua, na kabla ya kuondoka chini ya mbao akainua uso akaangalia juu.

Gatwiri alikimbia kumsaidia kubeba. Deeqa akasema, "Acha tu, dada. Nimezoea."

Mafundi walivunja mbao wiki hiyo. Nondo walizirudisha, na nguzo, kwa kuwa zilikuwa na fiba pia, wakaziangusha na kuchimba misingi yake wasije wakajaribiwa kujenga juu yake. Likabaki shimo. Msimu wa kiangazi ukawakuta hawana tangi, wakawa wanaswaga mifugo hadi mtoni na kurudi, na mifugo ikafika sokoni imekonda. Barre hakumpigia Gatwiri simu hata mara moja kumlaumu. Hilo nalo lilimuuma.

Alirudia kipimo. Safari hii alifunga tangi kwa bati na mpira, akapigania jenereta mpaka Mwai akachoka naye, na kipima-ukali kikawa hakitoki shingoni mwake. Maji yalikuwa makali kweli kweli. Kila alipovuta nondo na mashine ikalia mapema kuliko zamani, alisikia haya usoni upya, kana kwamba yuko mbele ya mabenchi. Mstari ulishuka. Haukuanguka, lakini ulishuka, na ulisema jambo la wastani, lisilopigiwa makofi: nondo hizi zitabeba tangi umri wa mtu mmoja, si karne, na hata huo kwa sharti kwamba ziwekwe nyingi zaidi na kitako cha tangi kinenepe. Hapo pembeni aliandika kwa mkono wake yale asiyoyajua, na yakajaza ukurasa kuliko aliyoyajua.

Mwai alisoma yote. Mwisho akasema, "Hii tutapeleka pamoja." Lakini siku ilipofika alikuwa na homa.

Basi Gatwiri alikwenda peke yake. Gari la ofisi lilikuwa gereji. Alipanda basi, na kule Nanyuki mwenye pikipiki akamkimbilia kabla hajakanyaga chini vizuri. Alikuwa kijana mchangamfu, na aligundua mara moja kwamba mama huyu si wa hapa.

"Soko ya ng'ombe, mathe? Nikushukishe wapi, pale gate ama Kwa Gatwiri?"

Gatwiri aliubana mkoba wenye karatasi kifuani. "Kwa Gatwiri ni wapi?"

"Hapo kwa shimo. Kila mtu anapajua."

"Na kwa nini panaitwa hivyo?"

"Ah, kuna mama fulani aliwaambia watajengewa tangi ya miaka mia." Kijana alicheka, akageuza pikipiki. "Si unajua watu. Jina ikishashika, imeshika. Sasa nikupeleke wapi?"

Alikuwa na nafasi ya kusema geti. Kutoka getini angezunguka nyuma ya mabanda, amkute Barre bila kupita hapo. Alipanda nyuma ya pikipiki, akavuta sketi yake.

"Kwa Gatwiri," alisema. "Nipeleke Kwa Gatwiri."